Ndakala Ikawa Ndqkqlq

Kompyuta yangu ya mkononi ilikuwa inachukua dakika kumi na nne kuamka. Nasema kumi na nne kwa sababu nilizipima, tena si mara moja. Nilikuwa nikibonyeza kitufe naenda kuteka maji, naosha vyombo vya jana, narudi, nakuta kile kiduara chake cha buluu bado kinazunguka. Nikifungua ukurasa wa kuandikia, dakika nyingine tano. Siku ambazo moto ulikuwa unapatikana kwa saa mbili tu mtaani, nusu ya saa ilikwisha kabla sijaandika hata jina langu.

Ilifika Kalemie kama zinavyofika nyingi. Ilitumika kwanza Ulaya, ikachoka, ikapakiwa pamoja na wenzake waliochoka, ikauzwa kwetu. Kibodi yake ni ya Kibelgiji, na chini yake kuna kibandiko cha shule kilichokwanguliwa nusu. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 2. Mfumo wake ulikuwa Windows 7, ambao waundaji wake waliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020, mimi bado niko sekondari. Betri yake ilishika dakika kumi na moja, nazo nilizipima.

Wenzangu wa darasa walinishauri niiuze kwa vipuri. Ningekwisha kufanya hivyo kama si sauti tisa zilizokuwa ndani yake.

Sauti hizo ni za nkambo, baba yake mama. Alivua ndakala katika Tanganyika tangu ujana, kwanza kwa lusenga, ule wavu wenye mpini wa kuchotea samaki waliofuata mwanga, baadaye kwa nyavu kubwa za kunyanyua zinazoshushwa kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja. Lugha ya kwao ilikuwa Kiholoholo. Lugha ya kazi na ya soko, Kiswahili chetu hiki cha ziwani. Nilimrekodi kwa simu ndogo, kikao baada ya kikao, kwa ajili ya tasnifu yangu juu ya msamiati wa wavuvi. Kikao cha saba kilikuwa juu ya pepo: upepo unaoanza alfajiri, unaogeuka, ule ambao ukiusikia shingoni unakunja wavu bila kubishana. Alifariki kabla sijamaliza kunukuu. Simu nayo iliibwa sokoni. Zikabaki sauti kwenye kompyuta, na daftari langu.

Basi siku skrini ilipogeuka buluu mara mbili kwa asubuhi moja niliibeba kompyuta nikavuka daraja la Lukuga kwenda kwa yaya, mtoto wa mama mkubwa, anayetengeneza simu. Aliiangalia kama muuguzi anavyomwangalia mtoto wa jirani.

“Hii masini haiko mugonjwa,” alisema. “Imechoka kubeba. Tuipe muzigo mudogo.”

Mzigo mdogo alioutaja ni Linux. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa mbali, kama tunavyojua jina la mlima ambao hatujaupanda. Kwa kifupi: ni kiini cha mfumo wa kompyuta ambacho Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alikianzisha mwaka 1991, na watu wa kila nchi wakajenga juu yake mifumo mingi tofauti, ya kutolewa bure. Ubuntu ndio unaojulikana zaidi, na mwanafunzi wa lugha hawezi kupita bila kusimama kwenye jina hilo. Ni neno la Kinguni, ndugu wa damu wa utu wetu na wa bumuntu ya Waluba. Lakini Ubuntu wa leo, pamoja na jina lake zuri, unataka kumbukumbu kubwa kuliko niliyo nayo. Yaya alikuwa na mwingine kwenye fulashi, aliouletewa na rafiki kutoka Lubumbashi: antiX, uliojengwa juu ya Debian kwa ajili ya kompyuta za zamani hasa. Kwa kawaida toleo lake hupewa jina la mtu au kundi lililopinga dhuluma. La mwaka 2019 lilipewa jina la Marielle Franco, diwani wa Rio de Janeiro aliyeuawa mwaka 2018. Nilipenda hilo, ingawa nakiri haliongezi kasi.

Uzuri wa mifumo hii ni kwamba unaweza kuijaribu kutoka kwenye fulashi bila kugusa diski. Tuliichomeka, tukawasha. Dakika moja na nusu, meza ya kazi ikawa mbele yetu. Nilimtazama yaya, akajifanya hajali.

Kutoka hapo, kwa mwendo huohuo wa kujaribu, niliifungua diski ya zamani, nikaliona kabrasha la nkambo, nikaburuta faili zote tisa kwenda kwenye fulashi yangu ya pili. Kidirisha kilionyesha kunakili, kikajifunga. Imekwisha. Nikaichomoa fulashi, nikaiweka mfukoni, nikamwambia yaya afute diski nzima na kusimika mfumo mpya. Msomaji mwenye uzoefu ameshashika kichwa. Nami nitafika huko.

Kusimika kulichukua kama robo saa. Moto ulikatika katikati. Betri yangu ya dakika kumi na moja ilianza kuhesabu kurudi nyuma na yaya akaanza kuongea na kompyuta kwa sauti ya chini, maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Ilimaliza ikiwa na asilimia 6. Kwa haraka hiyo niliulizwa neno la siri nikaandika la kwanza lililonijia, ndakala, mara mbili, kwa vidoti, kama kawaida. Nimekwisha kulibadilisha, kwa hiyo wenzangu wa chumba msijisumbue.

Jioni nyumbani nilirekebisha kibodi. Kwa haraka yetu tulikuwa hatukuchagua lugha yoyote mwanzoni, kwa hiyo kila kitu kilikuja kwa Kiingereza, na kompyuta ilidhani ina kibodi ya Kimarekani. Nikaweka ya Kibelgiji, si ya Kifaransa, kwa maana hazifanani. Alama ya @ kwa Mbelgiji iko kwenye kitufe cha 2, kwa Mfaransa kwenye 0, na aliyezoea moja akipewa nyingine huandika anwani za ajabu. Nikazima, nikawasha, ikauliza neno la siri. Ndakala. Ikakataa. Ndakala, polepole, kwa kidole kimoja. Ikakataa.

Nilikaa na hiyo kwa muda wa mshumaa mzima. Kisha nikafanya nilichofundishwa katika kitivo hiki: nikatafuta mlinganyo wa sauti. Tunafundishwa kwamba sauti hazibadiliki ovyo. Ikiwa p imekuwa h mahali fulani, basi imekuwa h kila mahali penye mazingira yaleyale, na ndiyo njia aliyoipita Carl Meinhof mwaka 1899 alipojaribu kujenga upya sauti za Kibantu cha kale. Sasa, kwenye kibodi ya Kibelgiji kitufe kilichoandikwa A kimekaa pale ambapo Mmarekani ana Q. Mimi nilibonyeza A. Kompyuta, ikidhani ni Mmarekani, ilisikia q. Herufi n, d, k na l zinakaa mahali pamoja kwa wote wawili. Kwa hiyo a kuwa q, kila mahali, bila upungufu. Neno langu la siri halikuwahi kuwa ndakala. Lilikuwa ndqkqlq.

Nikaliandika hivyo. Mlango ukafunguka. Sijawahi kuipenda isimu linganishi kama usiku ule, na mwalimu wetu wa somo hilo anaweza kuitumia hadithi hii bure.

Matatizo ya siku ya pili yalikuwa madogo zaidi, ila kila moja lilikuwa na ukaidi wake. Intaneti isiyo na waya iligoma, nikaunganisha simu kwa waya wa USB, ikashika mara moja, na hadi leo natumia hivyohivyo. Saa ilinisumbua zaidi. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Yangu ilikuwa imekufa. Kila moto ukikatika kompyuta iliamka ikiamini ni tarehe mosi Januari 2008. Nilidhani ni aibu tu, kumbe ni kizuizi. Nikitaka kuongeza programu, mfumo ulijibu kwamba orodha ya programu bado haijaanza kutumika, kwa kuwa imetoka wakati ujao. Kivinjari kilikataa kila tovuti kwa sababu hiyohiyo, vyeti vyao vya usalama vilikuwa havijazaliwa. Kifungo kipya nilikitoa kwenye saa ya ukutani iliyokufa ya mama, kwa ruhusa yake, na tatizo likaisha.

Kuiweka saa sawa kulitaka pia kusema niko wapi. Kwa Kongo kuna majibu mawili, Kinshasa na Lubumbashi, kwa sababu nchi yetu ina majira mawili. Kalemie inafuata Lubumbashi, saa mbili mbele ya majira ya Greenwich. Kigoma ng'ambo iko saa tatu mbele, na abiria wa meli hulijua hilo bila kompyuta. Nilichokuja kugundua kwa udadisi ni kwamba katika hifadhidata ya majira inayotumiwa na Linux, jina Lubumbashi ni kibao tu kinachoelekeza Maputo. Saa ninayoitazama Kalemie ni saa ya Msumbiji.

Hapo ndipo ilipoanza kunikaa vizuri kichwani kwamba kompyuta, kabla haijafanya kazi yoyote, inakuuliza maswali ambayo sisi wa kitivo hiki tunaandikia tasnifu. Unasema lugha gani? Ya nchi gani? Nilifungua orodha ya mipangilio ya lugha na maeneo. Ni ndefu, kila mstari una msimbo wa lugha na msimbo wa nchi. Kifaransa kipo mara tano: cha Ubelgiji, Kanada, Uswisi, Ufaransa na Luksemburgi. Hakuna hata kimoja cha Afrika. Nilishuka kutafuta CD, msimbo wa nchi yetu. Nikaukuta: ln_CD, Lingala ya Kongo. Nikafurahi, nikashuka hadi kwenye sw. Kiswahili cha Kenya. Kiswahili cha Tanzania. Basi.

Sina ugomvi na Walingala, na aliyeketi kuandika faili lile alifanya kazi ambayo sisi hatujaifanya. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza, inataja lugha nne za taifa, na ya kwetu ni mojawapo. Tena si kwamba ulimwengu haujui kuwa tupo. Katika orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639-3, Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc, kando ya swh cha pwani, vyote viwili chini ya swa. Unaweza kubishana kama ni lugha mbili au moja. Mimi nasema ni moja, na nitabishana na yeyote kwenye ukumbi. Jina tunalo. Kilichokosekana kwenye mashine yangu ni mtu wa kulifanyia kazi.

Nilijaribu kwanza Kiswahili cha Tanzania. Miezi ikaja kwa Kiswahili, sehemu kubwa ya amri zikabaki Kiingereza, fedha ikawa shilingi. Mwishowe nilifanya viraka, kwa maana Linux inaruhusu kuchanganya. Maandishi ya mfumo ni Kifaransa cha Ufaransa, tarehe ni Kiswahili cha Tanzania, kibodi ya Mbelgiji, saa ya Lubumbashi ambayo ni ya Maputo. Yaya alipoona alicheka. “Njo siye vile,” alisema. Ndivyo tulivyo.

Siku ya tatu nilifungua sauti za nkambo. Kimya.

Faili ilifunguka, mstari wa muda ulikwenda, sekunde zilihesabu, na hakuna sauti. Nilijaribu wimbo mwingine, kimya. Nilipandisha sauti hadi mwisho, kimya. Hapo sikuwa na hekima ya Meinhof wala ya nani. Nilimpigia yaya, akaniambia nifungue terminali niandike alsamixer. Ni programu ya sura mbaya, nguzo za rangi zimepangwa kama vioo vya dirisha. Chini ya nguzo ya kwanza paliandikwa MM. Herufi hizo maana yake nguzo imefungwa mdomo. Unabonyeza M mara moja na MM inageuka 00.

“Unaandika, ao unasikia?” akasema nkambo.

Lilikuwa swali lake la kila kikao. Alinichukia kidogo kwa kuandika huku anaongea. Aliona kalamu kama njia ya kutosikiliza. Mama alikuwa uani anatwanga sombe. Mchi ulisimama.

Tulisikiliza hadi usiku. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haikufunguka. Ya tano, ya sita. Ya saba haikufunguka. Niliangalia ukubwa wa faili hizo mbili: baiti 0.

Nilikuja kuelewa baadaye, na nitalieleza hapa kwa sababu huenda ndilo jambo pekee katika makala haya litakalomwokoa mtu. Linux, unapoiambia inakili kitu kwenda kwenye fulashi, inapokea kwanza kwenye kumbukumbu, inakwambia imekwisha, kisha inaendelea kuandika polepole nyuma ya pazia. Inafanya hivyo ili usisubiri. Ukichomoa bila kuiaga fulashi, kilichokuwa bado njiani kinapotea, jina linafika lakini mwili haufiki. Windows nilivyoizoea ilinilea vibaya kwa hilo. Unatakiwa kubonyeza kuondoa fulashi na kungoja, au kuandika sync kwenye terminali na kutofanya chochote hadi mstari urudi. Sekunde ishirini, labda thelathini. Mimi sikungoja hata tano, kisha nikafuta diski.

Yaya hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alichukua diski, akaendesha PhotoRec, programu inayopekua diski kipande kwa kipande ikitafuta mabaki ya faili zilizofutwa. Inazirudisha bila majina, f na tarakimu nyingi tu. Ilikwenda usiku mbili. Ilirudisha maelfu ya vitu: vipande vya kurasa za intaneti, nyimbo za kwaya, na picha za watu wasiotujua, watoto wamevaa makoti kwenye theluji mbele ya jengo la matofali mekundu. Hiyo ndiyo shule ya kwenye kibandiko, nadhani. Nilizifuta, hazikuwa zetu. Katikati ya hayo yote tulikuta faili za sauti kumi na moja. Moja ilikuwa kikao cha nne, kizima. Cha saba hakikuwemo.

Kwa hiyo cha saba kimebaki kwenye daftari. Kurasa mbili na nusu, majina matano ya pepo pamoja na maelezo yake. Nilijifariji kwamba maneno ninayo, kilichopotea ni sauti tu. Kauli hiyo ningeiona ya kijinga kama angeisema mtu mwingine. Matatu kati ya majina hayo ni ya Kiholoholo, na Kiholoholo ni lugha yenye toni. A. Coupez alipochapisha muhtasari wa lugha hiyo mwaka 1955 alizishughulikia toni zake. Mimi kwenye daftari sikuweka hata alama moja, kwa sababu nilijua sauti ninayo.

Ila jambo lililonitisha hasa lilikuja wiki iliyofuata, na lilikuja kwa mlango wa programu nzuri.

Nilisimika LibreOffice, na pamoja nayo kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ni kamusi ya Kiswahili cha Tanzania, kazi ya watu waliojitolea, na naiheshimu kama ninavyoiheshimu kazi ya Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, mwaka uleule Ubuntu ulipotoka. Watu hao walikaa wakaamua kitu hiki kiitwe faili, kile kabrasha, kingine kivinjari. Kila nikitumia neno kabrasha hapa natumia jasho lao.

Lakini lugha yetu inaisumbua orodha yoyote ya maneno. Chukua mzizi mmoja wa kitenzi. Viambishi vya nafsi na ngeli mwanzoni ni kama 15. Njeo, tuseme 6. Kiambishi cha mtendwa, 15 tena, au kisiwepo. Mara moja una maumbo 1,440, na ingawa baadhi hayana maana, bado hujagusa kutendea, kutendana, kutendesha wala ukanushi. Hakuna atakayeyaandika yote. Ndiyo maana kitenzi kirefu kilicho sahihi kabisa kilipigwa mstari mwekundu, na hilo nililizoea.

Nisilolizoea ni ukurasa wa nkambo. Nilipobandika nukuu ya kikao cha kwanza, ukurasa uliwaka. Mutumbwi, nyekundu. Muvuvi, nyekundu. Bavuvi, lusenga, ndakala, ao. Mzee alikuwa amekosea kila mstari. Nami, bila kuamua, kidole kikaanza kusafisha. Unabonyeza kulia kwenye neno, inakupa pendekezo, unachagua: mtumbwi. Mstari unapotea. Mvuvi. Unapotea. Kuna raha ndogo katika kufuta wekundu, kama kuokota mawe kwenye mchele. Nilisafisha kikao cha kwanza na nusu ya cha pili kabla sijafikia sentensi ambayo sikuielewa, nikawasha sauti ili kuihakikisha, na nkambo akasema wazi, kwa u yake pana, mutumbwi, na mbele yangu pameandikwa mtumbwi.

Tasnifu yangu ni juu ya msamiati wa wavuvi wa Kalemie. Nilikuwa nakaribia kumpa msimamizi wangu wavuvi wa Tanga.

Nilirudisha neno kwa neno, nikisikiliza. Ilichukua siku nne. Kwa vikao vinane ilikuwa kazi tu, kwa sababu mzee yupo na unaweza kumuuliza. Kwa cha saba nililifungua daftari na nikatazama mwandiko wangu mwenyewe kwa mashaka. Nimeandika mvuvi humo, mara sita. Nkambo hakusema mvuvi kamwe maishani mwake. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa umekwisha kusafisha siku ileile, uso kwa uso naye, kabla ya kompyuta yoyote, kwa wino wa buluu na siyo mwekundu. Na ikiwa nilimsafishia mvuvi, nimesafisha nini kwenye majina ya pepo?

Mwalimu msimamizi nilimweleza yote, hata fulashi. Alinyamaza, kisha akauliza kama kuna mzee mwingine hai aliyevua naye. Yupo mmoja, upande wa Lukuga, hasikii vizuri. Nilikwenda Jumamosi mbili. Sikumsomea majina, nilimwomba tu anitajie pepo, na yaya akashika simu karibu na mdomo wake. Alitaja manne. Mawili yalilingana na daftari. Moja lilikuwa na irabu tofauti, na sasa ninazo toni zake kwa sauti yake, ingawa si sauti niliyoipoteza. La nne sikuwa nimelisikia hata siku moja. Jina moja la nkambo yeye halijui, au alilijua kwa namna ambayo mwandiko wangu haumfikii. Nililitamka kwa kila toni niliyoweza na akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayeongea na mgeni.

Kompyuta inaamka sasa kwa sekunde hamsini. Ndani ya LibreOffice nimefungua kamusi yangu binafsi nikaiita ziwa. Ni faili la maandishi ya kawaida, neno moja kila mstari, unaweza kulibeba kwenye fulashi na kulipandikiza kwenye mashine ya mtu mwingine. Lina maneno 312 leo: mutumbwi, lusenga, ndakala, bukari, lengalenga. Anayelitaka aje nalo afulashi yake chumba cha chini cha maktaba, Jumatano mchana, na atangoja sync imalize hata kama ana haraka. Wa Uvira na wa Moba waje na maneno yao pia.

Jina lile moja la upepo liko ukurasa wa 38 wa tasnifu, na alama ya kuuliza mbele yake. Lina mstari mwekundu chini yake. Kila nikifika hapo programu inaniuliza kama niliongeze kwenye ziwa, na mpaka naandika haya sijabonyeza.